Kununua kabla ya kupima: kisa cha makabati ya karakana ndani ya gereji

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha nimekiondoa. Vipimo, mfuatano wa matukio na makosa, yakiwemo yangu mimi, nimeyaacha kama yalivyokuwa. Nitamwita mwenye gereji. Fedha nazo sitazitaja kwa kiasi: bajeti yake yote nimeigawa mafungu 10, na kila gharama nitaisema kwa mafungu hayo.

Hali ilivyokuwa

Gereji ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5 na nusu hivi. Usiku gari hulala humo. Mchana linatolewa, na gereji inageuka karakana. Ukuta wa nyuma una meza ya kazi iliyofungwa jiriwa. Mwenye gereji haishi kwa useremala, lakini mikono yake haitulii: anaunga viti vilivyolegea, anafungua pampu za maji, anatengeneza baiskeli za majirani.

Vifaa vyote vilikaa ndani ya maboksi ya karatasi, ndoo na makopo ya rangi iliyokwisha, vimepangwa chini kando ya kuta. Kutafuta kitu kulimla muda kuliko kazi yenyewe. Biti ya drili ya milimita 8 alikuwa ameinunua mara tatu, na siku tulipopanga upya tulizikuta zote tatu, kila moja kwenye boksi lake.

Kuna mambo mawili ya mahali penyewe ambayo msomaji ayashike tangu sasa. Sakafu ni zege tupu, na mvua ikija na upepo maji hupenya chini ya mlango na kutambaa hadi karibu katikati. La pili, ana mtoto wa shule anayependa kuingia humo na kushika kila kitu, jambo ambalo baba yake hataki kulizuia.

Alikwenda kuuliza bei ya kabati jipya la chuma la karakana. Mafungu yote 10 yangetosha moja tu, la milango miwili, lisilo na droo hata moja. Hapo ndipo alipoamua kutafuta vilivyotumika.

Hatua ya kwanza: makabati ya jikoni

Alisikia kuwa kuna nyumba inayobadilishiwa jiko, na makabati ya zamani yanauzwa yote kwa pamoja. Yalikuwa sita: matatu ya kusimama chini, yenye kina cha sentimita 60, na matatu ya kutundika, yenye kina cha sentimita 32. Yalikuwa meupe, safi, na milango yake inafunga vizuri. Alitoa mafungu 2, na fungu 1 likaenda kwenye usafiri, kwa sababu gari la mizigo lilirudi mara mbili.

Aliyapanga siku hiyohiyo, ya chini yote matatu kwenye ukuta wa upande wa dereva, yamekaa moja kwa moja juu ya zege. Jioni aliporudisha gari ndani, mlango wa dereva haukufunguka. Hesabu yake ni nyepesi: gari lina upana wa mita 1.7, na upande wa abiria aliacha sentimita 40. Upande wa dereva zilibaki 90. Kabati limekula 60, na kwenye sentimita 30 mtu mzima hapiti. Alitokea mlango wa nyuma wa gari, kesho yake akahamishia makabati mawili ukuta wa nyuma, yakabanana na meza ya kazi, na la tatu likabaki karibu na mlango wa gereji.

Kisha akajaza. Rafu za makabati hayo ni chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ya milimita 16, na kwenye kabati pana zaidi rafu inavuka sentimita 80 bila nguzo katikati. Juu yake aliweka makopo ya misumari, skrubu, bolti na nati. Baada ya wiki chache rafu ilikuwa imepinda kama machela. Halafu mvua zikaja. Nilipoitwa nikakuta kabati lililo karibu na mlango limevimba chini: karatasi nyeupe iliyofunika chipubodi imepasuka kwenye ukingo, na ukiubonyeza ubao kwa kidole gumba unaingia kama mkate uliolowa. Skrubu za bawaba ya chini zilikuwa zimechomoka na chipubodi yake, zimebaki zinaning'inia kwenye mlango. Chipubodi ikishavimba hairudi, hata ukiianika mwezi mzima.

Hatua ya pili: kutoa kila kitu nje na kupima

Nilimwomba asinunue kitu kingine mpaka tujue anachotaka kukihifadhi. Jumamosi tukatandaza turubai nje na kutoa vyote. Mwanawe akaleta mizani ya kupimia uzito wa mwili na daftari.

Hatukupanga kwa aina ya kazi, kama watu wengi wanavyofanya, bali kwa ukubwa na uzito. Mtoto alikuwa anaweka boksi juu ya mizani na kusoma kwa sauti. "Baba, hili peke yake kilo 19!" Lilikuwa boksi la bolti, si kubwa kuliko boksi la viatu vya mtu mzima. Jumla ya vyuma ilifika karibu kilo 140, na zaidi ya nusu ya uzito huo ilitoka kwenye maboksi machache ya vitu vidogo vidogo.

Tukapima pia urefu. Ukiondoa misumeno, pampu moja na mbao ndefu, karibu kila kitu kilienea kwenye kina cha sentimita 30. Daftari la mtoto lilibadilisha mwelekeo wote. Mwenye gereji alikuwa anatafuta makabati makubwa, kumbe alichokosa ni droo zenye nguvu kwa ajili ya vyuma vizito, rafu nyembamba kwa ajili ya makopo, na mahali pa kufungia kemikali. Kabati lenye kina cha sentimita 60 linafaa kwa masufuria. Ukilitia bisibisi na makopo unapata safu tatu, moja mbele ya nyingine, na ya nyuma huioni tena.

Usiku huo tulifanya jaribio dogo la sakafu. Tulikata vipande viwili vya nailoni, tukavibandika kwenye zege kwa gundi ya utepe pande zote nne, kimoja karibu na mlango, kimoja kwenye ukuta wa nyuma. Asubuhi ya pili kile cha mlangoni kilikuwa na matone upande wa chini, yaani unyevu unapanda kutoka kwenye zege yenyewe. Matone yangekuwa juu ya nailoni, basi unyevu ungekuwa wa hewani. Cha ukuta wa nyuma kilikuwa kikavu.

Maamuzi na sababu zake

Makabati ya kutundika tuliyabakiza yote matatu. Kina chake kinafaa, na yakiwa ukutani maji ya sakafuni hayayafikii. Mabanio yake ya asili sikuyaamini kwa vyuma, hivyo tukatumia njia ya mbao mbili: unapasua ubao wa plaiwudi ya milimita 18 kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja unaifunga ukutani mdomo wake ukielekea juu, ya pili unaifunga nyuma ya kabati ikielekea chini, kisha kabati linapandishwa na kukalia. Kadiri linavyolemewa, ndivyo mshazari unavyolivuta kwenye ukuta. Ukuta ni wa matofali imara, na skrubu tulizipitisha kwenye plastiki za ukutani, zile zinazotangulia ndani ya tundu la tofali, tukipima kwa pimamaji kabla ya kukaza. Bawaba zilizolegea tulizitengeneza kwa kupanua tundu la skrubu hadi milimita 8, kupigilia kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, na kutoboa upya kesho yake.

Kwa droo, tulitafuta kabati za chuma za mafaili. Ofisi zinapohama au zinapoacha karatasi, kabati hizi huwa mzigo kwa wenyewe, na bei yake hushuka kuliko chuma kilichomo. Zimeundwa kubeba karatasi, na karatasi ni nzito mno. Droo iliyojaa mafaili si mchezo. Tulipata mbili za droo nne nne kwa mafungu 2, usafiri ukiwemo. Nilikagua kila droo kwa kuivuta hadi mwisho na kuitikisa kushoto na kulia, nikaangalia kutu kwenye pembe za chini kwa ndani, nikajaribu funguo. Nitarudi kwenye ukaguzi huo, maana ulikuwa na pengo.

Makabati ya chini yalituumiza kichwa zaidi. Mwenye gereji alikuwa ameyalipia na hakutaka kuyatupa. Tulikubaliana hivi: lililovimba livunjwe kwa ajili ya vipuri, mengine mawili yapandishwe juu ya miguu ya sentimita 10 na kuwekwa ukuta wa nyuma tu, kwa vitu vikubwa na vyepesi kama drili ndani ya maboksi yake, mabomba ya kupulizia na matambara. Rafu ya sentimita 80 ilipata nguzo katikati.

Kwa makopo tulitengeneza wenyewe kabati lisilo na milango, na hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Shiti moja ya plaiwudi ina sentimita 122 kwa 244. Ukiipasua kwa urefu mara tatu unapata vipande vinne vya sentimita 30 na ushee, hata ukihesabu unga unaoliwa na msumeno. Vipande viwili vinatoa kila kimoja ubavu wa sentimita 180 na rafu moja ya 60. Viwili vilivyobaki vinatoa rafu nne nne za 60. Jumla ni mbavu mbili na mbao 10 za kulala: moja ya juu, moja ya chini na rafu nane katikati, kila nafasi ikiwa na kimo cha sentimita 18. Masalio yake ni vipisi vya kushika kwa vidole. Kabati la namna hii bila mgongo huyumba na kulala upande kama sanduku lililokosa kifuniko, na mgongo tuliupata bure: ubao mwembamba wa nyuma wa lile kabati lililovimba, sehemu yake ya juu ikiwa bado kavu. Nalo tulilifunga ukutani. Lilisimama upande wa dereva, na likaacha sentimita 60, ambazo mtu anapita.

Kemikali zilipata uamuzi wa haraka. Petroli haikuingia kwenye kabati lolote la humo ndani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuokota cheche mbali na kopo lenyewe. Ilihamishiwa nje ya gereji. Rangi na viyeyushi vilikwenda droo za juu za kabati moja la mafaili, chini ya ufunguo, kwa sababu ya mtoto. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani huanikwa yakiwa yametandazwa hadi yakauke, kamwe hayafungiwi mkusanyiko mmoja, maana yanajipasha moto yenyewe mpaka yawake.

Siku kabati lilipotaka kuanguka

Mwenye gereji alipakia droo siku ambayo sikuwepo. Bolti na spana aliziweka droo mbili za juu za kabati moja, kwa kuwa ndizo zinazofikika bila kuinama. Alivuta ya kwanza, akaiacha wazi, akavuta ya pili. Kabati likaanza kuinama kuelekea kwake. Alilizuia kwa bega, akasukuma droo moja kwa goti, na likarudi. Hakuumia. Alinipigia simu akiwa bado anahema, na neno la kwanza alilosema ni kwamba mtoto alikuwa ametoka humo dakika chache kabla.

Kabati nyingi za mafaili zina kizuizi kinachofanya droo moja tu ifunguke kwa wakati. Lile lilikuwa nacho zamani, kikavunjika. Mimi nilijaribu droo moja moja, zikiwa tupu. Sikujaribu kuvuta mbili kwa pamoja, jaribio la sekunde tano ambalo lingenionyesha kasoro hiyo palepale. Na hata kama kizuizi kingekuwa kizima, nilipaswa kukataa lisipakiwe kabla ya kufungwa ukutani. Kesho yake tulifunga yote mawili kwa bolti kupitia mgongo wa chuma hadi kwenye tofali. Bolti na spana zikashuka droo za chini, rangi zikabaki juu.

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Gari linaingia, mlango unafunguka, na sakafu ya kando ya kuta iko wazi kiasi cha kufagiwa. Hakuna rafu ya plaiwudi iliyopinda kwa macho. Makabati mawili ya chini yaliyopandishwa miguu yamepita msimu wa mvua bila kuvimba.

Gharama: jiko mafungu 2, usafiri wake 1, kabati za mafaili 2, plaiwudi 1, na vitu vidogo vidogo, yaani skrubu, plastiki za ukutani, bolti, miguu, gundi na rangi, fungu 1 na nusu. Jumla 7 na nusu. Naomba msomaji aangalie hilo la vitu vidogo: limepita plaiwudi nzima, na hakuna aliyeliweka kwenye hesabu mwanzoni.

Kuna lililoharibika. Patasi zilizokaa kwenye droo ya chuma zilipata madoa ya kutu katika miezi ya kwanza. Chuma hupoa usiku, asubuhi hewa ya joto yenye unyevu inakutana nacho na kuacha umande, ndani ya droo vilevile. Sasa hukaa ndani ya kitambaa chenye mafuta kidogo, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na kutu haijarudi.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema kosa lilikuwa kununua makabati ya jikoni. Sikubaliani. Matano kati ya sita yanafanya kazi mpaka leo, na yale ya kutundika ndiyo yaliyotupa thamani kubwa kuliko chochote kwa bei yake. Kosa lilikuwa mpangilio wa hatua: alinunua nafasi kabla ya kujua mzigo. Bei ilikuwa ndogo, hivyo hakuona hatari ndani yake. Laiti daftari la mtoto lingetangulia, angemwomba muuzaji yale matatu ya juu peke yake, safari ya gari la mizigo ingekuwa moja, na nakadiria karibu mafungu 2 yangebaki mfukoni.

Kuhusu rafu, inafaa kuelewa kwa nini ile ya jikoni ilikufa na ile ya plaiwudi imesimama, kwa sababu tofauti ya unene ni milimita 2 tu. Rafu iliyopakiwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kila sentimita ikibeba uzito uleule, hupinda kwa kipeo cha nne cha urefu ulio kati ya nguzo na nguzo. Ukiirefusha kutoka sentimita 60 hadi 90, yaani mara moja na nusu, kupinda kunaongezeka karibu mara tano. Ukitia nguzo katikati ya rafu ya 80, unaigeuza kuwa mbili za 40, na tatizo linatoweka kwa kipande cha mbao cha bure. Unene nao unafanya kazi kwa kipeo cha tatu: ubao wa milimita 18 ni mkakamavu zaidi ya mara tatu ya ubao wa aina hiyohiyo wa milimita 12. Juu ya hayo, chipubodi huendelea kulegea polepole chini ya mzigo usioondolewa, hivyo rafu inayoonekana nzima siku ya kwanza haijatoa jibu lake bado. Mtu anayetafuta kabati la bei nafuu abebe futi, apime urefu wa rafu kati ya nguzo, kisha ndipo auangalie mlango na rangi.

Droo za mafaili zilifanikiwa kwa nguvu zake, lakini kimo chake kimetusumbua. Droo ina kimo kirefu kuliko spana au bisibisi inavyohitaji, na vitu vinalaliana mpaka vya chini vinasahaulika, yaani lile tatizo la maboksi limerudi likiwa limevaa chuma. Tulilipunguza kwa sinia za plaiwudi zinazokaa juu ya kingo za droo, mbili kwa kila moja. Zinasaidia kwa bisibisi na koleo. Kwa bolti hazifai, ni nzito mno kuinua kila mara, na hapo bado tunatumia makopo yaliyoandikwa ubavuni.

Jaribio la nailoni ndilo ningelirudia kwenye gereji yoyote. Halina gharama, na ndilo lililoamua mahali pa kila kabati la mbao. Bila hilo tungeweka miguu kila mahali au tusingeiweka popote.

Kuhusu ukaguzi wangu wa kabati la mafaili, nimeubadilisha moja kwa moja. Sasa navuta droo mbili kwa pamoja kabla hata ya kuuliza bei, na matundu ya bolti nyuma ya kabati nayatoboa siku linaposhushwa, likiwa tupu.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni mbao ndefu na mabomba, ambavyo bado vimeegemea kona na huanguka mtu akipita na baiskeli. Tumeshapima: kirefu kuliko vyote kina mita 2 na sentimita 70, jumla ya uzito ni kilo 46, na ukuta wa upande wa abiria una nafasi wazi juu ya usawa wa vioo vya gari. Mafungu 2 na nusu yaliyobaki yanangoja vyuma vya kushikia.